Masikio ya Ng'ombe wa Luhende

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto wa uji, Dorkasi alimkalisha mjukuu wake kwenye kigoda mlangoni, akauinua mguu wa mtoto juu ya paja lake na kufungua kitambaa. Alikuwa amejizoeza kukifungua bila kukunja uso, maana Elina hakuwa na tabia ya kuangalia kidonda. Aliangalia uso wa bibi. Uso ukikunjamana, mtoto alijua hali ni mbaya. Kwa hiyo Dorkasi aliimba. Aliimba pambio la kanisani huku maji ya chumvi yakichuruzika hadi kwenye karai, na usaha ukitoka nayo.

"Bibi, leo umeimba kwa nguvu," Elina alisema.

"Sauti imefunguka."

"Jana uliimba polepole. Sasa leo kimepona, au kimezidi?"

Dorkasi akacheka, ingawa kicheko hakikufika mbali. Mtoto wa miaka minane, na tayari alishajua kumsoma mtu mzima.

Mambo yalianza kwa kuanguka tu. Elina aliruka mtaro akicheza na wenzake, akaangukia jiwe, akavimba chini ya goti. Uvimbe ukapasuka, kidonda kikafunga, kikafunguka tena. Siku moja Dorkasi alikuta kwenye kitambaa kitu cheupe kama punje ya mchele. Akakiviringisha kati ya vidole. Kilikuwa kipande cha mfupa. Siku hiyo hakuimba. Aliomba punda kwa jirani, akampeleka mtoto hospitali ya wilaya, Bariadi.

Daktari alikuwa mtu wa upole. Akaminya mguu, akanusa kitambaa, akamgeukia Dorkasi.

"Mama, huu mfupa umeoza ndani. Inabidi tuufungue, tuusafishe, ndipo nyama zitashika. Usisubiri. Mvua zikianza, mto ukajaa, mkakwama huko kwenu, mtakuja kurudi hapa tuukate mguu wenyewe."

"Basi fungueni, baba. Hata leo."

Daktari akaangalia dirishani, kule kwenye mstari wa watu waliosubiri kulipa. Huko nyuma, mtu alikwenda kutibiwa na mguu wake tu. Mdogo wake Dorkasi alichomwa sindano miezi mizima kwa kifua kikuu, na alichotoa ni asante. Halafu ikaja miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa sabuni za harufu, redio na nguo za mitumba. Pamba ikaanza kununuliwa na watu binafsi waliokuja na magari yao na mizani yao. Hapo hapo hospitali nayo ikaanza kuchangiwa. Daftari ununue, glavu ununue, na kabla ya mlango wa daktari kuna dirisha la malipo. Wajawazito walisamehewa, na watoto ambao hawajafika miaka mitano. Elina alikuwa ameshavuka.

"Kama uwezo haupo kabisa," daktari akasema, "kuna msamaha. Lete barua ya kijiji, na afisa ustawi wa jamii aithibitishe. Serikali haijawatupa wasiojiweza."

Dorkasi alirudi na neno hilo njia nzima. Asiyejiweza. Hakuwahi kujiita hivyo. Alikuwa na jembe, alikuwa na shamba la mtama na kipande cha pamba, alikuwa na sehemu yake kwenye benchi la pili kanisani. Lakini mwanawe Felisita, mama yake Elina, alikuwa amelala kaburini. Baba wa mtoto alikwenda machimboni, habari zake zikaishia huko. Naye Luhende, mume wake, alikuwa na mwaka wa tatu chini ya udongo. Kama neno hilo ndilo lingemfungulia mtoto mlango, basi angelibeba kama alivyobeba mengine.

*

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Nyanda, alimpokea kwa heshima zote, kwa salamu ya Kisukuma apewayo mama.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba."

Alimsikiliza mpaka mwisho. Akauliza hali ya mtoto, akapiga ulimi kwa huruma. Kisha akachora mchanga kwa fimbo yake kwa muda.

"Barua nitaandika leo hii hii," akasema. "Ila huyu kijana wa ustawi siku hizi haamini barua. Anakuja mwenyewe kuangalia. Anasema watu wenye mifugo mingi wanajifanya maskini."

"Aje tu, baba. Nina nini cha kuficha?"

Mzee Nyanda akainua macho, akamwangalia, akayashusha tena haraka. Dorkasi aliliona hilo. Ila hakulielewa.

Alilielewa, au alidhani amelielewa, siku afisa alipofika na Mzee Nyanda. Aliitwa Fredrick, kijana mwembamba mwenye baiskeli na begi la ngozi, na alimsalimia "shikamoo bibi" kabla hata hajashuka vizuri. Alikaa, akanywa maji, akamwita Elina kwa jina, akaukagua mguu. Hakuwa mtu wa dharau. Ila wakati anasimama kuaga, ng'ombe wakatoka zizini. Mvulana wa jirani alikuwa anawafungulia kwenda malishoni. Akatoka yule mweusi wa pembe zilizopinda, wakafuata wawili wa mabaka na ndama wao, na maksai mwekundu akawa wa mwisho, akitembea kama mtu mwenye madaraka.

Kijana akasimama na kalamu mkononi.

"Bibi. Hawa ni ng'ombe wa hapa?"

Dorkasi akamsindikiza maksai kwa macho.

"Ndilo zizi la hapa," akasema.

"Maana barua inasema asiyejiweza kabisa." Akamgeukia mwenyekiti. "Mzee Nyanda, mbona hukuandika habari za ng'ombe?"

Mzee Nyanda akakohoa. Alikohoa kikohozi kirefu ambacho hakikuwa na ugonjwa ndani yake. Pembeni alisimama Nyanjige, wifi yake Dorkasi, dada wa ukoo wa marehemu, mwanamke ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe. Naye aliangalia kuku.

"Mwanangu," Mzee Nyanda akasema mwishoni, "wewe andika tu. Mama huyu hana kitu."

"Naandikaje na ng'ombe nimewaona kwa macho yangu? Kesho mwingine ataniambia, mbona Dorkasi ulimsamehe?" Akalifunga begi. Akasema kwa sauti ya chini, kama anayeumia yeye mwenyewe. "Bibi, sikunyimi. Ijumaa nina mkutano hapa kwenye ghala la ushirika. Nitauliza mbele ya watu. Kijiji kikiniambia kwa nini huna uwezo, nitasaini hapo hapo. Kisiposema, itabidi uuze mmoja umtibu mtoto."

Alipoondoka na mwenyekiti, Nyanjige alibaki amesimama.

"Wifi," akaanza.

"Nini?"

"Hamna. Nitakuletea michembe ya viazi jioni, umpikie mtoto na karanga." Naye akaenda.

*

Ng'ombe wale hawakuwa wa Luhende. Hilo Dorkasi alilijua, na aliamini kwamba duniani wanaolijua wako yeye na mwenye mali tu.

Luhende alikuwa na ng'ombe wake wa haki, zamani. Wezi wa mifugo waliwachukua wote asubuhi moja wakiwa kwenye mbuga. Alifuata nyayo mpaka miguu ikapasuka, akarudi na kamba tu mkononi. Mwanaume wa Kisukuma kubaki na kamba ni jambo zito. Aliacha kwenda mikutanoni. Wakimwita atoe shauri kwenye mahari ya mtoto wa ndugu, alisema kichwa kinauma. Dorkasi, aliyezaliwa Lamadi kwenye familia ya wauza samaki, alimshangaa. Kwao mtu akipoteza nyavu anasuka nyingine. Hakujua kwamba mwenzake haombolezi mali, anaomboleza sauti yake.

Ndipo Mashimba, rafiki yake wa kuchomwa naye na jua la shamba, wa kulima naye bega kwa bega tangu ujana, akaja alfajiri na ng'ombe wachache mbele yake. Akawaingiza kwenye zizi tupu. Hakukaa hata kunywa maji.

"Maziwa ni ya watoto wako, samadi ni ya pamba yako," akasema. "Wakizaa, tutaongea." Kubilisa, ndivyo wanavyoita huku. Mwenye wengi anamkabidhi mwenzake awatunze, naye anakula jasho lake. Ni jambo la kawaida. Ila Mashimba hakulisema popote. Aliyepita njiani aliona zizi lina ng'ombe, akasalimia, "Mwadila, Luhende, naona ng'ombe zako zimenona." Luhende akaitikia salamu, basi. Msimu uliofuata alikuwa amekaa kwenye mkutano, kofia kichwani, anatoa shauri, na watu wanamsikiliza.

Baadaye Mashimba alihama. Malisho yalikuwa yamebana, akachukua watoto na mifugo yake mingine, akaelekea kusini, Usangu huko, kama wengi walivyofanya. Wale wa zizi la Luhende aliwaacha. Hajarudi, na habari zake zilifika mara chache kupitia wasafiri.

Siku ambayo Luhende aliona hataamka tena, alimshika Dorkasi kiganja.

"Ng'ombe za Mashimba uzitunze."

"Nitazitunza."

"Na mdomo wako usilitoe jambo hilo. Waache waseme ng'ombe za Luhende. Umenisikia, mama Felisita?"

"Nimekusikia."

Alikuwa ameapa kwa kiganja kile kile mumewe alichokishika. Sasa afanyeje? Kuuza ng'ombe wa amana hakuweza. Siku ya Mashimba kurudi angemwambia nini, na siku ya kusimama mbele ya Mungu angesema nini? Kusema si wake, ni kumchimbua Luhende na kumvua ile kofia mbele ya kijiji kizima. Nyamaza, na mtoto anakatwa mguu.

Kilichomuuma zaidi ni Mzee Nyanda na Nyanjige. Walikuwa wanajua jinsi anavyoishi. Walijua anakula mara moja ili mtoto ale mara mbili. Wangeshindwa nini kusema neno moja la nguvu? Akajiambia, kumbe ni wivu. Wanaona ng'ombe, wanasema moyoni, auze kama sisi tunavyouza.

Joakim mchuuzi wa ng'ombe alipita siku iliyofuata, fimbo begani, viatu vya plastiki miguuni, na utani mdomoni kama kawaida.

"Mama Felisita, huyu mweusi ananiita. Anasema anataka kwenda mnadani kuona ulimwengu."

"Mwambie ulimwengu auone kutoka hapa."

"Nasikia mtoto mgonjwa. Mimi nalipa papo hapo, jioni mko Bariadi." Akamzunguka ng'ombe. Akamshika pembe, akasogea kichwani, akasimama kidogo. Kisha akamwachia. Utani ukatoka usoni mwake. "Aa, basi. Huyu bado mdogo. Mungu atafungua njia, mama." Akaenda zake bila kupandisha wala kushusha bei. Mchuuzi mwenye njaa ya ng'ombe, akaondoka hivi hivi! Dorkasi alimwangalia mpaka akapotea, asijue hata huyu kaingiwa na nini.

Elina alikuwa amesikia yote kutoka kwenye kigoda.

"Bibi, mbona hukumpa? Yule mweusi ni mkorofi, amenipiga teke."

"Hauzwi."

"Unampenda kuliko mguu wangu?"

Mtoto hakusema kwa ubaya. Aliuliza tu, kama mtu anavyouliza njia. Dorkasi akaingia ndani, akapiga magoti kando ya kitanda, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kuomba, hakupata neno. Alikaa tu magotini na kanga mdomoni. Alipoinuka hakuwa amejibiwa chochote. Ila alijua swali lile hatalisikia mara ya pili.

*

Ghala la ushirika lilikuwa tupu tangu wanunuzi binafsi walipoingia. Bado lilinuka mbegu za pamba. Watu walikaa kwenye magunia makuukuu na kwenye sakafu, wanaume upande wa mlango, wanawake upande wa ukuta. Dorkasi alimpakata Elina, mkubwa vile, mguu umenyooshwa juu ya mapaja ya Nyanjige.

Fredrick alieleza mambo ya msamaha, nani anastahili na nani hastahili. Akawataja wazee wawili wasio na mtu, wakapita bila maneno. Kisha akasema:

"Dorkasi, mjane wa Luhende. Mtoto anahitaji upasuaji. Nimefika nyumbani kwake, nimeona shida yake. Ila pia nimeona ng'ombe. Naomba mtu anieleze."

Kimya.

Kilikuwa kimya cha ajabu. Watu wale wangeweza kubishana nusu siku juu ya mbuzi aliyekula mahindi. Sasa wanaume wazima waliangalia fimbo zao. Mmoja akaanza kujichokonoa kucha. Joakim, aliyekuwa amekaa kwenye mlango, akatoka nje kama mtu aliyekumbuka jambo. Mzee Nyanda akavua kofia, akaivaa tena.

"Hakuna hata mmoja?" Fredrick akauliza. "Mzee mwenyekiti?"

"Nimeshakwambia, mwanangu. Hana kitu. Niamini."

"Naamini. Lakini kwa nini? Nikiandika 'mwenyekiti kasema niamini', huko wilayani wataniuliza ni ndugu yako?"

Mwanamke mmoja akaanza kufuta machozi, na Dorkasi akajiuliza huyu naye analia nini, badala ya kunisaidia. Hasira ilimpanda. Ndipo mkono wa Elina ukamshika shavu, ukageuza uso wake. Mtoto alikuwa anamwangalia usoni, vile anavyofanya asubuhi, kutafuta kama leo hali ni mbaya.

Dorkasi akamweka mtoto vizuri mikononi mwa wifi yake. Akasimama. Akafunga kanga kiunoni.

"Bwana afisa, usiwaulize hawa. Hawajui. Nitasema mimi." Akaelekeza kidole upande wa nyumbani kwake. "Wale ng'ombe si wangu. Wala hawakuwa wa mume wangu. Ni wa Mashimba aliyehamia Usangu. Alitukabidhi tulipoibiwa. Mimi nakunywa maziwa tu na kuzoa samadi. Mume wangu aliniomba nisiseme, nami niliahidi. Leo nimevunja ahadi ya marehemu mbele yenu, kwa sababu ya mguu wa huyu mtoto. Mungu anisamehe, na Luhende anisamehe. Mkitaka kumcheka, mnicheke mimi."

Akabaki amesimama, akingoja kicheko. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayengoja ndoo ya maji baridi.

Hakuna aliyecheka. Mzee Nyanda alishusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyetuliwa gunia.

"Wabeja, mayu," akasema. "Asante sana. Sasa hata sisi tunaweza kufungua mdomo." Akamgeukia kijana. "Bwana afisa, ni kweli. Ng'ombe zile ni za Mashimba. Tunajua sisi sote."

Dorkasi akainua kichwa. "Mnajua?"

"Tangu siku ya kwanza, wifi," Nyanjige akasema. "Mimi nilikuwa nasuka ukili pale kwangu. Walipopita tu, nikasema, haya, Mashimba kampelekea rafiki yake."

"Nani aliwaambia? Mashimba?"

"Masikio!"

Watu wakaguna, wengine wakaanza kutabasamu, ila bila ukali. Mzee Nyanda akashika sikio lake mwenyewe, akaonyesha kwa kidole.

"Kila mwenye ng'ombe huku ana mkato wake, mayu. Anamkata ndama sikioni angali mdogo, ili akipotea ajulikane. Ukoo wa Mashimba wanakata kipande cha chini, sikio la kushoto, na kutoboa tundu sikio la kulia. Mtoto wa kuchunga wa miaka sita anasoma. Luhende yeye alikuwa anakata ncha. Hakuna hata ng'ombe mmoja wa zizi lako aliyekatwa ncha. Wewe hukujua?"

Hakujua. Miaka yote aliyokaa huku, alikamua maziwa na kuzoa samadi, na kumbe hakuwahi kuangalia masikio. Alidhani ni ya kuchanika na miiba.

"Nyie watu wa samaki," Nyanjige akasema, akifuta macho kwa kiganja, "mnajua mapezi tu."

Sasa kicheko kilikuja, na Dorkasi naye akajikuta anacheka, huku machozi yakimdondoka. Fredrick alisubiri kitulie. Alikuwa amekunja uso.

"Wazee wangu, naomba nielewe. Mlijua. Mtoto anaoza mguu. Nimewauliza kule nyumbani, nikawauliza hapa. Mbona hamkusema?"

Aliyejibu alikuwa mzee Boniventura, aliyekaa nyuma kabisa, ambaye huwa hasemi mikutanoni.

"Ng'ombe wa kubilisa anasemwa na aliyempa, au anasemwa na aliyepewa. Sisi wengine hatumo. Mwenye zizi ameitikia salamu, 'naona ng'ombe zako', basi ni zake. Ungetaka tumvue nguo mama wa watu mbele yako? Na marehemu tumvue akiwa kaburini?"

"Hata kwa mguu wa mtoto?"

"Hapo ndipo palipotushinda," mzee akasema. "Tulikuwa tunaongea sisi wenyewe jana, pale kwa Nyanda. Tulisema akikataa kusema, tutachanga, hata kuku, mpaka mguu utibiwe. Lakini mwaka huu wa pamba unaujua ulivyokuwa. Tulikuwa tunamwomba Mungu mama huyu asimame mwenyewe."

Fredrick aliinama, akaandika, akagonga mhuri juu ya begi lake. Kabla ya kumkabidhi Dorkasi karatasi, alimwomba radhi kwa neno lililokuwa pale juu.

"Bibi, wizarani ndivyo wanavyoliandika. Asiyejiweza. Sina jingine."

"Liache, mwanangu," Dorkasi akasema. "Nimeshalisikia. Haliumi kama nilivyodhani."

*

Jioni ile, ng'ombe waliporudi, Dorkasi aliingia zizini. Akamshika yule mweusi, akapapasa sikio la kushoto. Kipande cha chini hakikuwepo, na ukingo wake ulikuwa laini, umepona zamani. Akapapasa la kulia. Kidole chake kidogo kikapita kwenye tundu. Ng'ombe akatikisa kichwa, naye akamwachia.

Ndipo lilipomjia lile ambalo mkutanoni hakupata nafasi ya kuliwaza. Luhende alikulia zizini. Luhende alisoma masikio kabla hajasoma herufi. Basi aliyaona masikio yale kila siku, na alijua kila apitaye anayaona. Alipokuwa amekaa mikutanoni na kofia yake, alijua kwamba wote wanajua. Nao walimsikiliza vile vile. Hawakudanganywa hata siku moja. Walikuwa wanambeba.

Na ile ahadi? Akaegemea mti wa zizi, akaiwaza. Luhende hakuogopa watu wajue. Alijua kwamba maadamu mdomo wake Dorkasi haujasema, kila asubuhi mtu atapita na kumwambia mama Felisita ng'ombe zako zimenona, na atatembea kama mke wa mtu. Alikuwa anamwachia kitu hicho kimoja, heshima, maana hakuwa na kingine cha kumwachia.

"Basi umenisamehe," akamwambia, taratibu, kama anavyozungumza na mtu aliye chumba cha pili. "Maana hicho nilikitumia kwa mtoto."

Walimpeleka Elina kwa mkokoteni. Maksai mwekundu wa Mashimba ndiye aliyeuvuta, pamoja na mwenzake wa kuazimwa kwa Mzee Nyanda, na Nyanjige alikaa nyuma na kapu la michembe, akiimba nyimbo ambazo si za kanisani mpaka Dorkasi akamwomba aache. Hospitalini, karani wa dirishani alichukua karatasi, akasoma kwa sauti mbele ya mstari mzima.

"Asiyejiweza ni nani hapa?"

"Ni mimi, mwanangu," Dorkasi akaitika, akasogea mbele na mtoto mgongoni.

Mguu ulifunguliwa, mfupa ukasafishwa. Daktari alisema kijana wa ustawi alipita kuuliza habari zao, akaacha salamu. Siku kitambaa kilipobadilishwa mara ya kwanza, Dorkasi alikuwa pembeni ya kitanda, na kwa mazoea akaanza kuimba. Muuguzi akacheka, akamwambia anaweza kunyamaza, kidonda ni kisafi. Elina, kwa mara ya kwanza, hakumwangalia bibi usoni. Aliinuka kwa viwiko, akauangalia mguu wake mwenyewe. Mstari mrefu wa nyuzi ulishuka chini ya goti.

"Bibi, hapa patabaki na alama?"

"Patabaki."

Mtoto akapapasa pembeni ya nyuzi kwa kidole kimoja, taratibu, akifikiri.

"Basi nikipotea," akasema, "watajua mimi ni wa kwenu."